Sura ya Nne: Daftari Lenye Jicho

Mwaka 2002 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha ripoti fupi ambayo kila anayetaka kuwauliza watu habari za maisha yao angepaswa kuisoma kabla ya kuandika swali la kwanza. Arthur Stone, Saul Shiffman na wenzao walichukua wagonjwa 80 wenye maumivu sugu nchini Marekani, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kompyuta ndogo ya mkononi. Jingine lilipewa kurasa za kujaza, zikiwa ndani ya jalada gumu. Agizo lilikuwa moja kwa wote: kwa wiki tatu, mara tatu kwa siku, yaani saa nne asubuhi, saa kumi jioni na saa mbili usiku, mgonjwa aandike maumivu yake yalivyo wakati ule ule, asitangulie wala asichelewe zaidi ya robo saa.

Wenye karatasi walirudisha kazi safi. Kwa tarehe na saa walizoandika kwa mikono yao, walikuwa wamejaza kwa wakati asilimia 90 ya kurasa. Lakini ndani ya jalada kulikuwa na kitu ambacho hawakuambiwa, kihisi mwanga kilichoweka kumbukumbu kila jalada lilipofunguliwa. Kihisi hicho kilitoa ushahidi wa namna nyingine kabisa: kurasa zilizojazwa kwa wakati kweli zilikuwa asilimia 11. Katika siku 32 kwa kila 100, jalada halikufunguliwa kutwa nzima, na bado zaidi ya asilimia 90 ya kurasa za siku hizo hizo zilikuwa na majibu, kila moja na saa yake. Wenye kompyuta, ambayo iliwapigia kengele na haikukubali kujazwa wakati ukishapita, walifikia asilimia 94.

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kujaza kitabu cha mafunzo kwa vitendo usiku wa kuamkia siku ya kukikabidhi anaelewa kilichotokea. Kalamu moja, mwandiko mmoja, na wiki sita za kazi zinazaliwa kabla ya jogoo kuwika.

Ni rahisi kusema wagonjwa wale walikuwa waongo. Mimi siwaiti hivyo. Mtu mwenye mgongo unaouma alipewa kazi ya kukatiza maisha yake mara 63 kwa wiki tatu, bila wa kumkumbusha, na karatasi isiyojua saa. Aliposhindwa, alifanya kile ambacho wengi wetu hufanya mbele ya daktari tunayemheshimu, akarudisha kilichotakiwa. Waliopanga utafiti wa namna hiyo, na walikuwa wengi miaka hiyo, walidai jambo lisilowezekana kisha wakalipokea bila kuuliza. Katika sura hii yote nitashikilia msimamo huo: jibu baya likirudi, wa kwanza kuhojiwa awe swali na aliyelitunga.

Wala karatasi yenyewe si mkosaji wa pekee. Mwaka 2006 Amie Green, Eshkol Rafaeli na wenzao walilinganisha madaftari ya karatasi na ya kielektroniki katika tafiti zao wenyewe, wakakuta majibu yanakaribiana sana. Wahojiwa wao walieleweshwa kazi, na walikuwa na uhusiano na watafiti. Kifaa kinasaidia, lakini hakimpi mhojiwa sababu ya kukujali.

Sasa tuseme yule mgonjwa alijaza kurasa za Jumatatu siku ya Jumatano kwa nia njema kabisa, akijitahidi kukumbuka. Ubaya uko wapi?

Daniel Kahneman na wenzake walilijibu swali hili mwaka 1993 kwa ndoo ya maji baridi. Watu 32 walitakiwa kutumbukiza mkono katika maji ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Maji hayo yanauma. Mara nyingine mkono wa pili uliingia katika maji yale yale kwa sekunde 60, ukabakizwa sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa polepole mpaka nyuzi 15, ambazo nazo hazifurahishi. Kisha wakaambiwa kuna zamu ya tatu, wachague ipi irudiwe. Mwenye akili timamu angechagua fupi, kwa kuwa ile ndefu ina maumivu yote ya fupi na ziada juu yake. Watu 22 kati ya 32 walichagua ndefu. Kumbukumbu haikuwa imetunza muda. Ilitunza jinsi mambo yalivyokuwa pale yalipouma sana, na jinsi yalivyoishia.

Miaka mitatu baadaye Donald Redelmeier na Kahneman walitoka kwenye ndoo wakaingia hospitalini. Wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa utumbo mpana kwa kamera waliulizwa kila dakika maumivu yamefikia wapi. Kwa wengine uchunguzi ulichukua dakika chache, kwa wengine ulizidi saa nzima. Baadaye walipoulizwa uchunguzi mzima ulikuwa mbaya kiasi gani, urefu wake haukuwa na uzito karibu wowote. Kilichohesabika ni kilele cha maumivu na zile dakika za mwisho.

Hapa wasomaji wengi huruka kwenye hitimisho la haraka, kwamba kumbukumbu ni mbovu na kipimo cha papo hapo ndicho cha kweli. Mambo hayako hivyo. Ukitaka kujua kama mama aliyejifungua katika zahanati fulani atarudi pale kwa mtoto wa pili, kinachoamua ni anachokikumbuka, na saa kumi na mbili za uchungu zilizopimwa dakika kwa dakika hazitakusaidia. Ukitaka kujua wauguzi wapunguze maumivu saa ngapi, unazihitaji dakika zile. Haya ni maswali mawili tofauti yanayovaa maneno yale yale, “ilikuwaje?”, na tafiti nyingi mbovu nilizosoma zimeuliza moja na kuandika ripoti ya jingine.

Wazo la kumnasa mtu katikati ya maisha yake lilipata umbo miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia mwenye asili ya Hungaria, akishirikiana na Reed Larson, aliwapa vijana peja, vile vidude vilivyokuwa vikiwaita madaktari wodini. Peja ililia mara kadhaa kwa siku, kwa nyakati zisizotabirika, kwa muda wa wiki moja. Ikilia, kijana alifungua kijitabu na kuandika yuko wapi, anafanya nini, yuko na nani, anawaza nini, na anajisikiaje. Makala yao ya kwanza ilitoka mwaka 1977. Kwa njia hiyo watu wazima waliweza kuona siku ya kijana kama anavyoiishi yeye, darasani mwili uko kwenye dawati na akili iko kwingine.

Faida ya njia hii si upya wa kumbukumbu peke yake. Ukimuuliza mtu mmoja mara hamsini, unaweza kumlinganisha na nafsi yake. Hasira “kiasi” ya kwangu na hasira “kiasi” ya kwako huenda ni vitu viwili, na hakuna mizani ya kuzisawazisha. Lakini kama hasira yangu hupanda kila nikitoka kazini na kushuka nikifika nyumbani, hilo ni langu na linaonekana bila kunilinganisha na yeyote. Ninawashauri wanafunzi wengi waanzie hapa. Maswali kuhusu mtu kubadilika ndani ya siku zake huvumilia kasoro za dodoso kuliko maswali ya nani ana furaha kuliko nani.

Leo peja imekuwa simu. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitangaza matokeo ya watu wazima 2,250 waliotumia programu ya iPhone: katika asilimia 46.9 ya nyakati walizoulizwa, akili zao zilikuwa zimetangatanga mbali na walichokuwa wakikifanya. Utafiti huo umesifiwa, na unastahili. Lakini usisahau ni nani waliojibu. Ni watu waliokuwa na simu ya gharama ya wakati ule na waliojiandikisha wenyewe. Huwezi kuchukua namba yao ukamvisha mvuvi wa Ukerewe.

Huku kwetu, walioanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa taasisi ya Twaweza nchini Tanzania, walilijua tatizo hilo. Walichagua kaya kwanza, ndipo wakazigawia simu na chaja za sola, ili asiye na umeme asipotee kwenye hesabu. Inagharimu, lakini vinginevyo unapima maisha ya wenye chaji.

Simu ina mtego mwingine ambao wahandisi wa programu huuona wamechelewa. Chukua madereva wa bodaboda, unataka kujua uchovu wao wa siku. Ukituma ujumbe kwa nyakati za bahati nasibu, aliye barabarani hataujibu, na Mungu asaidie asiujibu. Atakayejibu ni aliyeketi kijiweni chini ya mwembe. Baada ya wiki mbili utakuwa na mamia ya majibu, karibu yote ya watu waliokuwa wamepumzika, na ripoti yako itasema bodaboda si kazi ya kuchosha. Majibu yaliyokosekana hayakosekani ovyo. Mtu hukosa kujibu akiwa na kazi nyingi, akiwa mgonjwa, akiwa amegombana na mkewe, akiwa kwenye ibada. Kwa hiyo swali la kwanza la ujumbe unaofuata liwe “ulikuwa wapi mara ile hukujibu?”, na kwa dereva ujumbe usubiri mpaka abiria ashuke, hata kama hilo litaharibu unadhifu wa ratiba yako.

Mfano ninaoupenda kuliko wote hauna peja wala iPhone. Unatoka mkoa wa Mara.

Mwaka 2014 Vellore Arthi, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Amparo Palacios-López walifuatilia kaya za wakulima zaidi ya 800 mkoani humo katika msimu mmoja wa mvua. Waligawanya kaya kwa bahati nasibu. Baadhi zilitembelewa na mdadisi kila wiki, nyingine zikapigiwa simu kila wiki. Zilizobaki ziliachwa zilime kwa amani, zikaulizwa mara moja tu baada ya mavuno, kama zinavyoulizwa kaya katika tafiti nyingi za kitaifa: fulani alifanya kazi kwenye shamba hili siku ngapi, na kwa siku saa ngapi?

Ukihesabu saa za mtu mmoja katika shamba moja, waliokumbuka baada ya msimu walitaja saa nyingi zaidi, mpaka kufikia mara nne ya zile za walioulizwa kila wiki. Soma tena hapo. Hatuzungumzii tofauti ya asilimia tano ambayo mtakwimu huifunika kwa maelezo ya chini ya ukurasa.

Ilikuwaje? Mkulima haendi shamba kama karani anavyokwenda ofisini. Leo anapalilia tangu alfajiri mpaka jua linapochoma, kesho kuna msiba, keshokutwa mvua imekata njia, siku ya nne mtoto ana homa. Miezi sita baadaye mgeni mwenye kishikwambi anamwuliza kwa kawaida alikuwa akilima saa ngapi. Wastani huo hajautunza popote. Inabidi autengeneze pale pale, mgeni akisubiri, na siku inayokuja haraka kichwani ni ile ya kazi kamili, yenye jembe na jasho. Siku za nusu kazi hazijitokezi. Na wakati huo huo anasahau vishamba vidogo, na watu waliosaidia kidogo, kama yule mpwa aliyekuja likizo akapalilia mistari miwili akaenda zake kucheza mpira.

Jambo la kutisha zaidi ni lile lililofuata. Watafiti walipojumlisha saa zote za kaya nzima, tofauti kati ya makundi ilikaribia kupotea. Kosa la kuzidisha saa na kosa la kusahau watu na mashamba yalikuwa yakivutana pande mbili, yakasawazishana. Mkaguzi ambaye angeangalia jumla peke yake angegonga muhuri na kulala usingizi. Lakini sera haziandikwi kwa jumla za kaya tu. Kwa miaka mingi wachumi wamesema mkulima wa Afrika huzalisha kidogo mno kwa kila saa ya kazi yake ukimlinganisha na walio katika sekta nyingine. Kama saa hizo zimezidishwa na swali, basi sehemu ya uvivu wa mkulima, ambao viongozi wetu hupenda kuukemea majukwaani, ilizaliwa ndani ya dodoso.

Beegle na De Weerdt hawakuwa wageni wa kazi hii. Miaka ya 2007 na 2008, pamoja na Jed Friedman na John Gibson, walizunguka wilaya kadhaa za Tanzania na kaya 4,000 na madodoso manane ya namna tofauti kuhusu chakula na matumizi. Matano yaliuliza kwa kumbukumbu: siku 7 zilizopita, siku 14 zilizopita, orodha ndefu ya vyakula, orodha fupi, mwezi wa kawaida. Matatu yalikuwa ya kuandika siku kwa siku, na katika moja lao kila mtu mzima aliandika matumizi yake mwenyewe, ili chai na maandazi ya njiani yasipotee kwa kuwa mke hakuyaona. Nchi ile ile, mwaka ule ule. Walipotumia takwimu hizo kuhesabu walio na njaa, makadirio yalianzia chini ya asilimia 20 na kupanda juu ya asilimia 60 kwa kutegemea dodoso lililotumika. Hakuna aliyeshiba wala kushinda na njaa kati ya dodoso moja na jingine.

Data hizo hizo zilionyesha pia kwamba si sawa kumwuliza mtu mmoja habari za wengine. Mtu wa kaya akiwasemea wanaume wa nyumbani, wanaoonekana kuwa na kazi hupungua kuliko wakijisemea wenyewe, hasa kwa kazi za shamba. Mdadisi aliyefika saa tano asubuhi akamkuta bibi na wajukuu ana kishawishi kikubwa cha kumaliza fomu na bibi. Bajeti isiyo na nauli ya kurudi jioni huamua matokeo kabla utafiti haujaanza.

Na hata mhojiwa akiwa ndiye, na siku ikiwa ya jana, vichaguo ulivyompa vinamnong’oneza. Mwaka 1985 Norbert Schwarz na wenzake waliwauliza Wajerumani hutazama televisheni muda gani kwa siku. Baadhi walipewa vichaguo vilivyoanzia nusu saa na kuishia “zaidi ya saa mbili na nusu”. Wengine walipewa vilivyoanzia “mpaka saa mbili na nusu” na kuishia “zaidi ya saa nne na nusu”. Katika kundi la kwanza, waliosema wanazidi saa mbili na nusu walikuwa asilimia 16.2. Katika la pili, asilimia 37.5. Mtu hajui ametazama televisheni dakika ngapi, kwa hiyo hutazama fomu, hudhani katikati ndipo alipo mtu wa kawaida, kisha hujipanga karibu na hapo. Dawa yake haina gharama: muulize aseme mwenyewe saa na dakika, usimpe ngazi ya kupanda.

Nikiwa kwa Schwarz, niseme neno la tahadhari. Yeye na Gerald Clore wana utafiti mwingine wa mwaka 1983 unaosimuliwa katika kila semina: watu waliopigiwa simu siku ya jua walisema wameridhika na maisha kuliko waliopigiwa siku ya mvua. Ni hadithi tamu. Lakini mwaka 2013 Richard Lucas na Nicole Lawless walipochambua majibu ya Wamarekani zaidi ya milioni moja hawakuona athari ya kuaminika ya hali ya hewa ya siku hiyo. Wanaotufundisha kutilia shaka madodoso ya watu nao ni wa kutiliwa shaka, hasa hadithi yao ikiwa nzuri mno.

Kwetu kuna mtego ambao vitabu vya Chicago haviujui, nao ni salamu. Sikiliza mdadisi akiingia uani.

“Hodi hapa. Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu, karibu. Habari za utokako?”

“Nzuri mama. Habari za hapa?”

“Nzuri tu, tunamshukuru Mungu.”

Dakika tatu baadaye kishikwambi kinatoka: “Mama, kwa kiwango cha moja mpaka tano, jana ulijisikiaje?” Mama ameshasema nzuri, mbele ya jirani, na amemtaja Mungu. Sasa ashuke mpaka mbili? Sisi hata msibani huanza na “salama”, ndipo msiba ufuate. Adabu hiyo ina kazi yake na sitaki mdadisi aivunje. Aimalize, akae, anywe maji, kisha asianze na kujisikia. Aanze na matukio: “Mama, jana uliamka saa ngapi? Halafu ukafanya nini?” Siku ijengwe upya kipande kwa kipande, kuteka maji, kuuza sokoni, kumsubiri mtoto atoke shule, na kila kipande kiulizwe kilikuwaje. Njia hii ina wenyewe. Kahneman, Alan Krueger, David Schkade, Schwarz na Stone waliichapisha mwaka 2004 baada ya kuitumia kwa wanawake 909 wenye ajira huko Texas. Kwa maoni yangu inafaa zaidi vijijini kwetu kuliko kule ilikozaliwa, kwa sababu kusimulia siku ni jambo ambalo watu wetu hulifanya kila jioni bila kufundishwa.

Mdadisi anayeuliza saa ajihadhari pia na chombo alichoshika. Mama akisema aliamka saa kumi na moja na kishikwambi kikaandika 11:00, ameshafanywa mvivu. Programu ionyeshe saa kwa Kiswahili, au imsomee mdadisi jibu kwa maneno: “alfajiri?”

Kisha kuna walioketi pembeni. Mara nyingi mtafiti hufikishwa nyumbani na mwenyekiti wa kitongoji au mjumbe, na mwenyeji hupiga hesabu papo hapo: hawa wametumwa na nani, na jibu langu litanipa nini au kuninyima nini? Afrobarometer wana desturi nzuri ya kumwuliza mhojiwa, mwisho kabisa, anadhani nani aliyewatuma, na wapo wengi wanaojibu kuwa ni serikali, hata baada ya kuelezwa sivyo. Anayedhani unaandikisha kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini, ana kila sababu ya kusahau mbuzi wake wawili. Mkoani Mwanza, katika mradi wa MEMA kwa Vijana, Mary Plummer na wenzake walilinganisha njia tano za kujua maisha ya ngono ya vijana, zikiwemo vipimo vya maabara, madodoso, mazungumzo marefu na watafiti walioishi kijijini. Wapo wasichana ambao vipimo vilionyesha mimba au maambukizi ilhali dodoso lao lilisema hawajawahi kumjua mwanamume. Waliokaa kijijini, wakala na kulima na watu, ndio waliosikia mengi zaidi. Ni njia ya polepole, na kwa maswali ya namna hiyo sijaona ya mkato.

Kuaminiana hujengeka kwa kurudi. Watafiti wa madaftari ya fedha, wale ambao kazi yao ya Bangladesh, India na Afrika Kusini imo katika kitabu cha mwaka 2009 kiitwacho Portfolios of the Poor, waliona kwamba katika ziara za mwanzo fedha zilizoingia na zilizotoka hazilingani hata kidogo, na pengo likapungua ziara zilivyoongezeka. Nchini Kenya, FSD Kenya, taasisi ya masuala ya sekta ya fedha, walifuata njia hiyo mwaka 2012 na 2013 kwa karibu kaya 300, wakirudi kila baada ya wiki mbili hivi. Uzuri wa hesabu za fedha ni kwamba zinajikagua. Kama mtu ametumia shilingi elfu tano na ametaja kipato cha elfu mbili, mdadisi ana sababu ya heshima ya kuuliza tena, na hapo ndipo hujitokeza mkopo wa chama, zawadi ya shemeji, au kuku aliyeuzwa bila baba kujua. Jambo la mwisho hilo, bila shaka, mdadisi analificha na analiacha pale pale.

Tuseme sasa wewe msomaji una utafiti wako. Labda ni wa mama lishe wa soko moja, unataka kujua wanavyochoka. Kabla ya kutunga swali lolote, andika sentensi unayotarajia kuisema mwisho. “Mama lishe huchoka” haitoshi. “Uchovu wao hupanda zaidi siku ambazo msaidizi hakuja” ni sentensi yenye kazi ndani yake. Inakuambia unahitaji siku nyingi za mtu mmoja, swali la uchovu, swali la msaidizi, na si zaidi sana. Maswali mengine ishirini uliyokuwa umeyapanga, kuhusu elimu ya mume na aina ya paa, yanatoka. Watafute saa ambayo jiko limetulia, baada ya wateja wa mchana, mkubaliane nao saa hiyo. Wapigie simu badala ya kutuma ujumbe, kwa kuwa mikono yao ina unga, na iwe sauti ile ile kila siku. Kuuliza kwenyewe kutawabadilisha kidogo. Mama anayehesabiwa uchovu kila siku huanza kuuona, na pengine ataketi. Hilo halizuiliki, lakini siku za mwanzo na za mwisho zikilinganishwa utaliona. Walipe muda wao kwa kiasi kile kile wakijibu siku zote au wakikosa siku mbili, maana ukilipa kwa kila jibu utanunua majibu. Kisha warudishie matokeo pale pale sokoni kabla hujayapeleka chuoni. Watakuonyesha kosa ambalo msimamizi wako hatalijua.

Na dodoso likishakamilika, lijaze mwenyewe kwa wiki nzima, kila siku, kwa saa ulizowapangia wao, ukiwa kazini, ukiwa umechoka, wageni wakiwa sebuleni. Mpe na mtu wa nyumbani kwako alijaze bila kumsaidia. Siku ya kwanza utakayojikuta unajaza ya jana, simamisha kazi, punguza maswali, na uanze upya.